Alamu za simu hazijui zamu yangu, nifanyeje?

Mshauri, salaam.

Nafanya kazi ya zamu za kupokezana. Mzunguko wetu ni wa siku nane: siku mbili asubuhi (saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana), mbili jioni (saa 8 mchana hadi saa 4 usiku), mbili usiku (saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi), kisha mbili za mapumziko, halafu tunaanza upya.

Kinachonitesa ni alamu. Saa ya simu inaniuliza Jumatatu au Jumanne, wakati zamu yangu haina habari na Jumatatu. Nimejaza alamu kibao, nyingine zimewashwa, nyingine zimezimwa, na kila jioni nakaa kuzipanga kwa mkono. Nikisahau, ama nachelewa kazini, ama alamu inaamsha nyumba nzima alfajiri siku ambayo nilitakiwa kulala. Nilijaribu kuingiza zamu kwenye kalenda, lakini kikumbusho chake kinalia mara moja tu, tena kwa sauti ya ujumbe, basi.

Mimi natumia Android. Mwenzangu tunayepokezana naye ana iPhone na anataka jibu hilohilo. Je, simu inaweza kujipangia alamu yenyewe? Na tukibadilishana zamu itakuwaje?

Mchovu wa Zamu

Ndugu Mchovu,

Inaweza, na huhitaji fundi. Ila kwanza achana kabisa na siku za wiki. Mzunguko wa siku nane na wiki ya siku saba havirudi kukutana mpaka zipite siku 56, kwa hiyo hakuna namna ya kuchagua Jumatatu na Jumanne ikakutosheleza zaidi ya wiki moja. Hata mwenye mzunguko wa siku 14 hajaokoka, maana saa za kawaida za simu nyingi zinajua kurudia kila wiki tu, hazijui wiki moja ndiyo, inayofuata hapana.

Kinachotakiwa ni simu ihesabu siku zilizopita tangu tarehe moja unayoijua, igawanye kwa nane, kisha iangalie baki. Chukua siku yoyote iliyokuwa asubuhi ya kwanza ya mzunguko wako, uiite siku sifuri. Tuseme ni Jumatatu, 5 Januari 2026. Kutoka hapo hadi Ijumaa, 20 Machi 2026 ni siku 74. Nane inaingia mara 9, inabaki 2. Baki 0 na 1 ni asubuhi, 2 na 3 ni jioni, 4 na 5 ni usiku, 6 na 7 ni mapumziko. Basi tarehe 20 Machi ni jioni ya kwanza. Ifanye hesabu hii kwenye karatasi kwa tarehe yako ya kesho kabla hujagusa simu. Isipolingana na ratiba uliyopewa kazini, siku sifuri yako umeikosea, na hakuna programu itakayokurekebishia hilo.

Mistari minane, si minne

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanatengeneza alamu moja ya asubuhi, moja ya jioni, moja ya usiku, na mapumziko wanaacha wazi. Lakini usiku wa kwanza na usiku wa pili haviamshi saa moja. Siku ya usiku wa kwanza umelala kitandani usiku uliotangulia kama watu wengine, na alamu unayohitaji ni ya kukutoa kwenye usingizi mfupi wa jioni kabla ya kwenda kazini. Siku ya usiku wa pili umerudi asubuhi, umelala mchana, na unataka kuamshwa alasiri. Na ile inayoitwa siku ya kwanza ya mapumziko, saa 12 asubuhi ndiyo kwanza unatoka kazini! Siku hiyo alamu unaihitaji kweli, kwa sababu ukilala hadi magharibi usiku wake utakesha.

Kwa ratiba yako ningeanza hivi, mstari mmoja kwa kila baki, kwa muda unaoandikwa na simu ya saa 24:

0: 04:30
1: 04:30
2: 08:30
3: 08:30
4: 19:30
5: 15:30
6: 12:30
7: hakuna

Badilisha kulingana na umbali wa kazini na muda wako wa kujiandaa. Ila simu iweke kwenye mfumo wa saa 24 kabla ya kuanza. Sisi tunaosema saa kumi na nusu alfajiri na saa kumi na nusu jioni tuna njia mbili za kukosea badala ya moja: kuandika 10:30, au kuchanganya asubuhi na mchana ya Kizungu. Ukiandika 04:30 na 16:30, utata unaisha.

Ipange ukiwa macho

Kabla ya vifungo vya kubonyeza, kuna uamuzi mmoja wa kufanya. Watu hupanga programu iamke yenyewe alfajiri, iangalie zamu, kisha ipige kelele. Siushauri huo mpango. Siku programu ikikwama, utajua umeshachelewa.

Afadhali programu ifanye kazi saa 2 usiku (20:00), ihesabu zamu ya kesho, iweke alamu ndani ya saa ya kawaida ya simu, kisha ikuonyeshe ujumbe: "Kesho mstari 1, asubuhi, 04:30." Saa hiyo kwenye mzunguko wako huwa u macho siku zote nane: kabla ya asubuhi hujalala bado, kwenye jioni uko kazini, kwenye usiku umeshaamka kujiandaa. Ujumbe usipoonekana, unaweka alamu kwa mkono na maisha yanaendelea. Na kwa kuwa alamu yenyewe imeshakaa kwenye saa ya simu, programu iliyoiweka hata ikifa usiku, alamu italia.

Saa 2 usiku ina faida nyingine. Alamu isiyo na siku ya kurudia haina tarehe ndani yake. Hulia mara ya kwanza muda huo utakapofika. Ukiiweka saa 20:00 na inasema 19:30, italia kesho. Inasema 20:30, italia leo, nusu saa baadaye. Kwa hiyo kila muda kwenye orodha yako uwe wa mapema kuliko muda ambao programu inafanya kazi. Ukisogeza usingizi wa jioni wa mstari wa 4 mpaka saa 20:15, sogeza na programu iwe 20:45.

Android

Hapa unahitaji programu ya kupakua inayoendesha kazi za simu yenyewe. Tasker inafaa, MacroDroid nayo ina vitendo vya aina hiyo. Nitaeleza kwa Tasker kwa sababu ya kigezo chake (jina linalobeba namba) %TIMES, kinachotoa sekunde tangu 1 Januari 1970.

Unahitaji namba ya siku sifuri kwa sekunde. Njia rahisi isiyokuingiza kwenye hesabu za majira ya dunia: leo saa 6 mchana kamili, mwambie Tasker akuonyeshe %TIMES, uinakili. Kama leo ni mstari wa 3, toa 3 × 86400 (sekunde za siku moja), yaani 259200. Jibu ndilo saa 6 mchana ya siku sifuri. Lihifadhi kama %Mwanzo. Nimechagua saa 6 mchana makusudi. Ukihesabu kutoka usiku wa manane hadi usiku wa manane, nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma zitakupa siku yenye saa 23, na hesabu itakosa kwa siku nzima. Kutoka mchana hadi saa 2 usiku kuna nafasi ya saa nane. Saa moja ikipungua au ikizidi haigusi kitu.

Tengeneza wasifu wa muda (unaoanzisha kazi saa fulani), 20:00, na kazi yenye hatua hizi:

Weka %siku kuwa floor((%TIMES - %Mwanzo) / 86400) + 1. Neno floor hukata desimali kwenda chini, na ile +1 ni ya kesho.
Weka %mstari kuwa %siku - 8 * floor(%siku / 8).
Kama %mstari ni 0 au 1, weka alamu 04:30. Kama ni 2 au 3, 08:30. Endelea hadi 6.
Mwisho, onyesha ujumbe wenye %mstari na muda uliowekwa, hata kwa mstari wa 7 ("Kesho hakuna alamu"), maana ukimya hauwezi kukuambia kama ni mapumziko au ni hitilafu.

Kwenye hatua mbili za kwanza weka alama kwenye kisanduku cha kufanya hesabu. Bila hiyo Tasker huhifadhi fomula yako kama maandishi, na kila "kama" inayofuata inashindwa kimyakimya. Kwenye kitendo cha kuweka alamu, chagua kisikuulize uthibitisho.

Kisha ruhusa, ambazo ndizo huwaangusha watu waliofanya mengine yote sawasawa. Kuanzia Android 10 (2019), programu iliyo nyuma ya pazia hairuhusiwi kufungua skrini ya programu nyingine hovyo, na kuweka alamu kwenye saa hupitia mlango huohuo. Ipe Tasker ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Kuanzia Android 12 (2021) kuna ruhusa ya "Kengele na vikumbusho". Bila hiyo kazi yako ya 20:00 inaweza kusogezwa mbele kwa dakika kadhaa au zaidi. Halafu itoe Tasker kwenye udhibiti wa betri. Tangu Android 6 (2015) simu iliyotulia bila kuguswa huzilaza programu, na baadhi ya watengenezaji wameongeza ukali wao juu ya huo, kiasi kwamba inabidi pia uiruhusu programu ijiwashe simu inapowaka.

Ukishamaliza, futa zile alamu zako zote za zamani. Usizizime tu, zifute, maana siku moja kidole kitagusa.

Kila siku Tasker itaongeza alamu ya mara moja. Katika simu nyingi, ikishalia inabaki kwenye orodha ikiwa imezimwa. Haina madhara, ila pitia orodha mara mojamoja uisafishe.

iPhone

Kwa mwenzako, kila kitu kipo ndani ya Shortcuts, programu iliyokuja na simu, bila kupakua kitu. Tofauti ni kwamba huku usitengeneze alamu mpya kila siku, zitarundikana. Nenda kwenye saa, weka alamu tano za kudumu, bila siku ya kurudia, kila moja na jina lake: ASUBUHI 04:30, JIONI 08:30, USIKU1 19:30, USIKU2 15:30, KUTOKA 12:30. Zote zizimwe.

Kwenye Shortcuts tengeneza otomatiki binafsi ya muda, 20:00 kila siku, na uchague iendeshwe papo hapo bila kuuliza. Hilo lisipochaguliwa, simu itaonyesha tu ujumbe wa kuomba ruhusa, na ukiupita haifanyi kitu. Ndani yake: tarehe ya mwanzo (5 Januari 2026, 12:00), tarehe ya sasa, kitendo cha kupata muda kati ya tarehe mbili kwa siku, na kama jibu lina desimali, likate kwenda chini. Ongeza 1. Kisha kitendo cha hesabu. Kwenye alama za ziada kuna inayotoa baki, weka 8.

Sasa zima alamu zote tano, halafu ndipo uwashe ile ya mstari husika, na mwisho uonyeshe ujumbe kama kwenye Android. Mpangilio huo usibadilishwe. Ukiwasha kwanza kisha ukazima nyingine, iko siku utazima uliyoiwasha.

Badala ya "kama" nane unaweza kutumia orodha ya majina nane na kuchukua la nafasi fulani, lakini orodha za Shortcuts huanza kuhesabu 1, si 0. Kwa hiyo nafasi ni baki kujumlisha 1. Usipoijumlisha, siku ya baki 0 itagonga ukuta na siku nyingine zote zitarudi nyuma kwa mstari mmoja. Ukiona kwa wiki nzima alamu ni ya jana yake, tafuta kosa hapo. (Orodha za Tasker nazo huanza 1, ukizitumia.)

Yanayonyamazisha alamu iliyowekwa vizuri

Kwenye Android, sauti ya alamu ina kipimo chake, tofauti na cha simu kuita na cha muziki. Ongeza hatua moja kwenye kazi ya 20:00 ya kupandisha sauti ya alamu hadi karibu na juu kabisa. Inaponya kosa la mtu aliyeishusha bila kujua. Kwenye iPhone alamu hufuata sauti ya mlio, na vitufe vya pembeni vinaweza kuishusha kama umeviruhusu kwenye mipangilio ya sauti. Vizuie. Kwenye iPhone zenye kutambua uso kuna pia kipengele kinachopunguza sauti ya mlio simu ikiona unaitazama. Kama mtu analalamika alamu yake inaanza kwa nguvu kisha inanywea, akizime.

Hali ya Usinisumbue utaihitaji mchana wa siku ya usiku wa pili, la sivyo simu za watu zitakumaliza. Kwenye iPhone alamu za saa hupenya hali hiyo na hata swichi ya kimya. Kwenye Android hupenya pia, isipokuwa ukichagua kimya kabisa au ukiwa umeziondoa alamu kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa. Iangalie hiyo orodha kwa macho yako, usidhani.

Kisha kuna kuwaka upya. Simu ikijisasisha usiku na kujiwasha, Android hubaki imefungwa mpaka uandike namba ya siri, na programu nyingi haziwezi kufanya kazi kabla ya hapo. Tangu Android 7 (2016) ipo njia ya programu kufanya kazi hata kabla hujafungua, na saa iliyokuja na simu kwa kawaida huitumia. Saa ya kupakua huenda haijatengenezwa hivyo. Ndiyo maana nasisitiza alamu ikae kwenye saa iliyokuja na simu, na masasisho ya usiku yazimwe.

Simu iliyozimika kwa kuishiwa chaji haitakuamsha. Kwa zamu ya asubuhi peke yake, weka saa ndogo ya betri upande wa pili wa chumba, iliyofungwa kwenye dakika ya mwisho kabisa unayoweza kuamka na bado ufike. Kwa 04:30 hiyo inaweza kuwa 04:50. Hii si ya kuahirisha kuamka. Ukijikuta unaisubiri hiyo ya pili kila siku, isogeze mahali usipoifikia.

Kalenda, na kubadilishana zamu

Kikumbusho cha kalenda hakitakuamsha, hilo umeshaliona. Ila kalenda inafaa kwa kitu kingine: kuona zamu zako miezi ijayo. Google Calendar na kalenda ya iPhone zote zinakubali tukio la kurudia kila baada ya siku 8, kwa hiyo matukio sita yanatosha mwaka mzima, moja kwa kila siku ya kazi.

Wengine huiunganisha programu na kalenda: isome tukio la kesho, iweke alamu. Kama kazini kwenu ratiba hutolewa upya kila mwezi bila mzunguko, hiyo ndiyo njia, hesabu ya baki haitakusaidia. Lakini kuna mtego. Zamu ya usiku huanza tarehe moja na kuisha tarehe nyingine, na ukiiuliza kalenda matukio ya kesho, inakuletea pia zamu iliyoanza leo saa 4 usiku. Utapata alamu mbili, moja ikiwa ya uongo. Dawa ni kutoiandika zamu kabisa. Andika tukio la dakika tano linaloanza saa ya kuamka, ulipe jina moja tu, mfano KUAMKA, na programu itafute jina hilo.

Kwenu wenye mzunguko thabiti, kubadilishana zamu mara mojamoja hakuhitaji ufundi. Ujumbe wa saa 2 usiku ukija, nenda kwenye saa, badilisha muda, basi. Wanaojaribu kufundisha programu kila zamu ya kubadilishana huishia na kitu wasichokielewa wenyewe. Likizo pia haivunji mzunguko: zima programu, ukirudi iwashe, hesabu itakuwa pale pale. Ila kazini wakipanga makundi upya, badilisha %Mwanzo, au ile tarehe kwenye Shortcuts, na hakuna kingine cha kugusa.

Kabla hujaiamini, ijaribu mistari yote minane kwa kikao kimoja. Usibadilishe tarehe ya simu. Utavuruga ujumbe na programu nyingine. Badala yake toa 86400 kwenye %Mwanzo, au rudisha tarehe ya Shortcuts nyuma kwa siku moja, endesha kazi kwa mkono, soma ujumbe, rudia. Kila mara mstari uongezeke kwa mmoja, na baada ya 7 urudi 0. Ukimaliza rudisha namba ya mwanzo na ufute alamu za majaribio. Kisha wiki ya kwanza endelea kuangalia orodha ya alamu kabla ya kulala, hasa usiku wa kuamkia mstari wa 0, kwa sababu huo ndio unaotoka kwenye mapumziko yasiyo na alamu kwenda 04:30.

Mshauri